Mtu wa Kumi

Klabu ya kupiga kambi ya Nairobi ilitupa sharti moja tu: watu kumi walale kwenye hema usiku mmoja, mbele ya mkaguzi wao, ndipo Kitengela tupate tawi letu. Mimi, karani niliyepanga chumba Noonkopir, hapo Kitengela, nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ilinichukua miezi minne. Miaka ile ya tisini majirani walinicheka bila haya. "Nimelala nje utoto wangu wote Makueni nikichunga ng'ombe," fundi mmoja aliniambia, "sasa nilipe ndio nirudi huko?" Nilimnunia siku kadhaa. Mimi hukasirika haraka, hasa mtu akisema kweli.

Mwishowe tulitimia kumi. Mfanyakazi mwenzangu alituombea uwanja kando ya boma la mama yake, upande wa Ewuaso Kedong. Tulipomaliza kusimamisha hema, jua halijazama bado, mwenzetu mmoja akasikia fisi. Ghafla akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, akaondoka na mkoba wake. Mkaguzi akatuhesabu.

"Tisa," akasema, akafunga daftari. "Hakuna tawi."

Nilikaribia kulia, mtu mzima na ndevu zangu.

Hapo akaja mama mzee mwenye boma.

"Koko, takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai changu cha kubahatisha.

"Iko," akaitikia kwa lugha yake. Akazunguka hema zetu akizibonyeza kwa fimbo, moja baada ya nyingine. "Mgeni yangu halali nje. Nyumba iko. Kujeni."

Kukataa kungemvunjia heshima. Kukubali kungezika tawi. Nikamwambia ukweli, kwamba ni lazima tulale pale, na tena tumepungukiwa na mtu mmoja. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Akaenda, akarudi na ngozi yake ya ng'ombe, akaitandika ndani ya hema iliyobaki tupu.

"Basi tulale wote."

Mkaguzi alikuna kichwa, akafungua daftari tena. Mama akatia kidole gumba kwenye nafasi ya kumi.

Asubuhi, tukikunja hema, nilimwona anakuja akivuta kondoo jike mchanga. Akanishikisha kamba.

"Hii ni ya kuanza nayo. Ikizaa, uza, ujenge hata chumba moja. Hakuna mtu anakaa bila nyumba maisha yote."

Wenzangu waliinama chini, kila mmoja akijifanya anatafuta kigingi. Ningemwambiaje kwamba tulikuja kujiburudisha? Nilipokea kamba kwa mikono miwili. Nilimpenda mama yule tangu dakika ile.

Tawi letu lilidumu miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Nami, baada ya kupanga na kupanga, nilijenga nyumba yangu hapo Kitengela katika miaka ya elfu mbili. Kabla sijaleta hata viti, nilikwenda kumchukua mama yule. Alizunguka vyumba polepole akigonga kuta kwa fimbo yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaridhika.

"Kumbe ile kondoo ilizaa," akasema.