Mgeni Aliyeicheka Sweta Yangu Ndiye Aliyeondoka Nayo

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Nimemwomba mhariri alifiche jina langu, kwa sababu Mama hasomi magazeti lakini majirani wanasoma. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili hapa Kisumu, na mimi si mtu wa maneno. Mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo, lakini sauti inakwama. Kwa hivyo naandika. Nina hasira, na mpaka leo sijapata pa kuiweka.

Jirani yetu ana televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari. Haina rangi, kila kitu ni cheusi, cheupe na kijivu. Mwaka jana kulikuwa na mchezo wa ng'ambo, na ndani yake msichana wa umri wangu aliyeenda kwa nyanya yake likizo ya Krismasi, mahali penye theluji. Hakuvaa nguo za sherehe. Alivaa sweta kubwa ya kujivalia tu, mikono imefunika vidole, nyota nyeupe kifuani, skafu imezungushwa shingoni ikaachwa ining'inie, soksi nene zimevutwa juu ya suruali hadi karibu na magoti, na buti. Alipita mbele ya watu wote kama mtu asiyejali kuangaliwa. Hapo ndipo tamaa iliponishika. Mimi nikipita mbele ya watu natamani niwe ukuta.

Niliamua nitavaa hivyo Krismasi. Sweta niliichora kwenye karatasi ya miraba ya hesabu, kila mraba tundu moja la uzi. Soko la Kibuye nikapata kwenye mitumba sweta nyekundu ya mwanamume iliyotoboka viwiko, na shali nyeupe ya mtoto. Nilizifumua zote, nikaosha uzi, nikauzungusha kwenye mgongo wa kiti ukauke umenyooka. Sindano nilitengeneza kwa spoki za baiskeli, nikazinoa kwa jiwe. Kufuma tulifundishwa na mwalimu wa sayansi kimu. Mikono niliifanya mirefu kupita kiasi makusudi, maana siri ya mavazi yale ni kuonekana hukuhangaika. Soksi zilikuwa za kuchezea mpira za ndugu yangu. Buti zilikuwa gambuti za Mama za kuendea ufukweni, nikazisugua mpaka sabuni ikaisha na bado zikanuka omena, wale dagaa wa ziwani anaouza. Suruali Mama alikataa. Alisema mtoto wake msichana hawezi kupita mbele ya Pasta amevaa suruali, basi nikavaa sketi.

Rangi je? Kijivu cha sweta ile kilikuwa kizito, chenye joto, na msichana alipokaa karibu na moto nilijua ni nyekundu. Sikuwaza mara mbili.

Krismasi hiyo alikuja binamu yangu, binti ya mjomba anayekaa Nairobi. Siku ya pili ya sikukuu nilivaa vyote nikatoka nje. Jua lilikuwa la kukaanga samaki, lakini nilitembea polepole kama yule msichana, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuwa ukuta. Wasichana wa kwaya walikuwa wamesimama nje ya kanisa pamoja na binamu. Alicheka mpaka akashika mti. Aliniuliza kama naenda kuvua mbuta kwenye theluji. Kisha akasema, wote wakisikia:

"Na kwanza umekosea. Ile sweta ni ya kijani. Sisi kwetu tunaionanga na rangi, nyinyi mnaangalianga majivu."

Tangu siku hiyo kwaya nzima inaniita Majivu.

Ningeweza kumeza hilo, nimezoea kumeza. Lakini siku ya binamu kurudi Nairobi nilikuwa mferejini nachota maji. Niliporudi nilimkuta mlangoni amevaa sweta yangu, mikono imefunika vidole. Alikuwa amemwambia Mama kwamba asubuhi Nairobi kuna baridi kali. Mama alikuwa ameshamfungia kuku, omena na njugu, na bado aliona haitoshi.

"Mgeni hatoki kwangu hivi hivi, nyathina, mwanangu," Mama akaniambia. "Wewe utafuma ingine. Si mikono unayo?"

Mnajua nilifanya nini? Nilimbebea begi mpaka steji. Akapanda, akanipungia mkono kwa mkono wa sweta yangu.

Watu husema Kisumu ni joto, sweta ya nini. Mimi sikuifuma kwa sababu ya baridi! Na kama ilikuwa ya makosa, kama ilikuwa ya kucheka, mbona aliitaka? Na Mama, ambaye hawezi kumpa mtu kuku wa jirani bila kuuliza, mbona mimi hakuniuliza? Kwani mimi ni nani katika nyumba ile?

Tangu hapo simjibu Mama zaidi ya ndiyo na hapana. Ameona. Wiki jana alirudi kutoka kuuza omena, akaniwekea mfuko kitandani. Ndani kulikuwa na uzi mpya kabisa wa dukani, ambao mimi sijawahi kuushika. Wa kijani.

"Nilisikia ile ya ukweli ni hii," akasema. Alikuwa anatabasamu.

Mama hajawahi kuniambia pole kwa mdomo, na najua uzi huo ndio pole yake. Kila jioni ananiuliza kama nimeanza. Mimi nausukuma ndani zaidi chini ya kitanda. Nikiufuma, nitakuwa nimekubali kwamba binamu aliona na mimi sikuona. Nikiurudisha, nitamvunja moyo mtu aliyesimama juani na omena ili anifurahishe. Na Aprili binamu anakuja tena.

Nyinyi mnaojua kuongea na mama zenu, nipeni maneno. Nimwambie nini Mama, na huo uzi niufanyeje? Shauri lolote nitalisoma. Ila msiniambie sweta ile ilikuwa ya kijani. Niliiona mimi.