Kazi ya Mwezi

Leo naweza kusimulia kwa sababu nimechoka kukasirika, lakini kwa wiki tatu nzima mimi, mwalimu mzima wa fizikia hapa mtaa wa Panda, nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda shuleni, maana nikitokea barabarani tu nasikia mtu ananiita, "Madame Mwezi! Kazi ilitoka?" Na kosa ni langu.

Nilikuwa nimewaandikia wanafunzi wangu mchezo wa kuigiza, hadithi ya miaka mia ijayo: kampuni inakwenda kuchimba madini Mwezini, serikali inatia sahihi mkataba bila kuusoma, na wafanyakazi wanahamishiwa kule juu kwenye kambi ya nyumba zilizofungwa kama chupa, wakiahidiwa malipo kila siku jua linapozama. (Sasa siku moja ya Mwezini, tangu jua litoke mpaka litoke tena, ni karibu siku thelathini za kwetu. Umeona ujanja wa kampuni? Nilijipongeza sana kwa hilo, nikamsomea mume wangu mara mbili mpaka akalala.)

Ikaja habari ya tangazo. Mwanafunzi aliyeliandika aliweka juu kabisa neno THÉÂTRE, yaani mchezo wa jukwaani, na mimi kwa akili zangu nikalifuta, nikisema watu wakiliona hilo watabaki nyumbani, afadhali washtuke kidogo. Basi likabaki hivi, kwa herufi kubwa tupu: KAZI YA MWEZI! KAMPUNI MPYA INATAFUTA MAFUNDI. UKUMBI WA PAROKIA, JUMAMOSI, SAA NANE. Chini nikachora duara la mwezi, nikalipaka wino wa bluu, tukabandika mpaka sokoni.

Wewe unayesikia Kiswahili umeshaona nilipoanguka. Kwetu fundi wa kulipwa kwa siku, journalier, anaamkia kwenye geti la kiwanda kungoja jina lake lisomwe, na lisiposomwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Ndoto yake ni moja tu, kazi ya mwezi, ya mshahara wa kila mwezi, yenye mkataba na matibabu ya watoto. Na lile duara langu la bluu watu walilisoma kama muhuri wa kampuni!

Jumamosi, saa sita tu, uwanja wa parokia ulikuwa umejaa wanaume wenye suti za Jumapili na bahasha za kaki zenye karatasi za kuombea kazi kwapani, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi. Nikamwambia padri, "Unaona, mon père, watu wetu wanapenda sayansi." Padri akazitazama zile bahasha, akanitazama mimi.

Nikaenda nyuma ya pazia kuzifunga ndoo karatasi za kung'aa, zile zilizokuwa kofia za wasafiri wa anga. Huko mbele Trésor, mwanafunzi aliyeigiza mkurugenzi, alikuwa ameshakaa mezani na koti la baba yake, na watu wakaingia ukumbini, wakapanga foleni mbele yake. Unadhani aliwaambia ukweli? Nasikia sauti yake, nzito kama ya mkurugenzi kweli:

"Weye uko fundi wa nini?"

"Soudeur, patron."

"Unaweza kukaa bila hewa?"

"Patron, minye nilizoea moshi, hewa haiko shida."

Pa! Akamgongea muhuri tuliouchonga kwenye kiazi. Ile sauti ya soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, nikaijua. Nikatoka mbio na ndoo yangu mkononi, nikamkuta Yaya Anaclet, kaka mkubwa wa mume wangu (yaya kwetu ndiyo kaka au dada mkubwa), mtu aliyelipwa kwa siku miaka saba kwenye kiwanda kimoja.

"Yaya, unafanya nini hapa?"

"Shemeki, Mungu iko! Asubui nimeambia capita: minye naenda ku kazi ya mwezi, ile liste yako bakia nayo."

Capita ndiye msimamizi anayesoma majina getini. Kumbe Yaya alikuwa ameshaiacha kazi yake ya siku. Nikapanda jukwaani, nikaeleza kwamba ni mchezo, kwamba Mwezi ni ule wa juu, nikaunyooshea kidole na kofia ya ndoo (mchana, tena chini ya paa, hauonekani hata kidogo). Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, "Madame, na kule juu banalipaka kwa mwezi?"

Hapo ningenyamaza! Lakini ualimu ni ugonjwa, nikajibu, "Hapana, mama, wanalipwa kwa siku, ila siku ya kule ni sawa na mwezi wa hapa."

"Haa! Kumbe ata kule juu banakula journalier!" akapaza sauti yule mama, maana yake hata huko ni kibarua cha siku.

Ukumbi ukalipuka. Wengine walicheka, wengine walinitukana, wengine walidai karatasi zao zilizochafuliwa na kiazi, na mchezo wangu haukuchezwa hata sentensi moja. Yaya Anaclet peke yake alibaki amekaa.

"Shemeki," akasema polepole, "tunakaa parcelle moja, mulango kwa mulango. Ata neno moja hukuniambia."

Jumatatu kabla ya masomo nilimsindikiza getini kumwombea msamaha. Capita akanisimamisha mbele ya wanaume wote waliokuwa wanangoja.

"Sema tena, Madame, ile kampuni iko wapi?"

"Mwezini."

"Bantu ba nyuma habajasikia."

Nikarudia mara tatu, watu wanashika mbavu. Alipotosheka akasema nafasi imeshapata mwenyewe, basi Anaclet aandikwe mwisho wa orodha, siku mtu akikosekana ataitwa.

Mpaka leo anaamka na kwenda. Siku jina lake lisiposomwa namwona anarudi saa moja, kabla sijatoka kwenda shuleni, anapita mlangoni kwangu na kunisalimia vizuri kabisa, "Shemeki, umeamuka?" na mimi naitikia huku nimeinamia chungu nisimtazame usoni. Ingekuwa nafuu anitukane. Nimeapa: karatasi yoyote nitakayobandika ukutani, kwanza nitaipeleka kwa mtu anayetafuta kazi aisome kwa sauti, na nitakaa kimya mpaka amalize.