Abiria wa Kiti cha Mbele

Kazi yangu ni kufunga magari minyororo. Gari lenye deni la maegesho likisimama mjini Kahama, mashine inaniambia, nami nachuchumaa nafunga tairi. Natukanwa kila siku, na mimi si mwanamke wa kumeza maneno. Siku ile, ajabu, hakuna aliyenitukana.

Ilikuwa mchana wa kiangazi, upande wa Nyahanga. Pikapu nyeupe ilisimama mbele ya duka la sanda, dereva akaingia dukani na mama mmoja wa makamo. Nikasoma namba, mashine ikaonyesha deni, nikafunga tairi la mbele. Nilipoinuka ndipo nilipoona kuna mtu kwenye kiti cha abiria. Amevaa koti na kofia, mkanda kifuani, blanketi hadi kidevuni, na jua lile!

"Shikamoo," nilimwamkia. Kioo kilikuwa wazi nusu. Kimya.

Mimi ukininyima salamu umenichokoza. "Mzee, teremka. Gari hili haliendi popote. Safari yako imeishia hapa."

Kisha gari likainuka kidogo upande ule, kama linavyoinuka mtu mzito anapoteremka. Mlango haukufunguka.

Yule mama alitoka dukani mbio, sanda kwapani. Mnyororo hata hakuutazama. Alitazama kiti, kisha akatazama barabara, huku na huku.

"Nani kaongea naye?"

"Mimi, mama. Amegoma kuteremka."

"Hajagoma," alisema. "Ameteremka."

Akafunua blanketi. Ndani ya koti lile kulikuwa na gogo la mgomba.

Alinieleza kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mdogo wake alifukiwa na duara la kuchimbia dhahabu huko Geita, shimo likakataa kutoa mwili. Kwa Wazinza, upande wa mama yao, mwili ukikosekana huzikwa mgomba. Walimwita mdomoni mwa shimo, akawafuata. Njia nzima dada peke yake ndiye anayeongea naye, anamtajia kila mto na kila mji asije akapotea. Mtu mwingine akimwambia amefika, anaamini amefika. Kwao Didia kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na alitakiwa alazwe humo kabla jua halijazama.

"Sasa nikamzike nani?" aliniuliza. "Nikazike mgomba?"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi ni mlokole, mambo hayo siyafuati. Lakini nilikuwa nimeliona gari likiinuka.

"Mrudishe wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyemteremsha."

Dereva alikwisha kulipa, mashine ikakubali. Nikaufungua mnyororo, nikafungua na mlango. Muuza maji alisimama kunitazama. Niliona aibu, ila hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Kaka, nimekosea. Hapa si kwenu. Panda, unakwenda Didia, wanakusubiri."

Hakuna kilichotokea.

"Bado," alisema mama. "Amesimama nyuma yako."

Sikugeuka. Mungu anisamehe, hata leo nisingegeuka. Nilisogea pembeni, kama unavyompisha mtu mlangoni. Harufu ya udongo mbichi ikanipita begani, udongo wa chini kabisa, na mvua hatukuwa tumeiona tangu masika. Kisha gari likalala upande ule, polepole, likatulia.

Mama akamrudishia blanketi kidevuni, akamfunga mkanda. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu nimwone, akalia mpaka dereva akaangalia pembeni. Akajifuta kwa ncha ya kitenge, akabanana naye kiti kile kile.

"Tunatoka Kahama, mdogo wangu," nilimsikia akisema gari likiondoka. "Mbele ni Kagongwa. Usilale, tunakaribia."

Bado nafunga magari, maana watoto wanataka kula. Ila kabla ya kuchuchumaa nachungulia kwanza viti vyote. Nikikuta mkanda umefungwa na hakuna mtu, nasema shikamoo kwa sauti ndogo, nauficha mnyororo nyuma yangu, nakwenda gari jingine.