Sinia Lililobaki Jomvu Kuu

Goti langu lilipogoma, nilikuwa nimeishi kwa mpira wa kikapu miaka mingi: kwanza timu ya kampuni hapa Mombasa, kisha Dar es Salaam, kisha Kigali, ambako walinilipa vizuri kwa kazi ambayo ningeifanya bure. Nilirudi Changamwe nikichechemea, na chuo kimoja karibu na matangi ya mafuta kikanipa ukocha wa timu ya wasichana. Nasema timu kwa heshima tu. Walikuwa wanne, na mchezo wetu unataka watano.

Wa tano alitoka Jomvu Kuu, mrefu kunishinda. Alicheza na suruali ndefu na ushungi, na mpira ulimtii. Nilifurahi mpaka aliponiambia kuwa baba yake hajui. "Nami sipendi kumficha, kocha." Mkuu wa chuo alikuwa ameshanionya: asipoona timu kwenye mashindano ya muhula ule, uwanja utageuka maegesho ya magari. Nikaamua kwenda kuomba ruhusa mwenyewe.

Sisi ni watu wa bara. Nimezaliwa Changamwe, lakini nyumbani tulifunzwa kwamba jambo kubwa huendi kuliomba peke yako, wala mikono mitupu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akamvisha mjomba koti, akapanga keki, sukari na leso kwenye sinia, akalifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Tukapita vichochoro vya Jomvu Kuu tumefuatana, watoto wakiacha michezo yao kututazama.

Baba wa msichana, seremala mpole, alitukaribisha vizuri. Akalitazama sinia, akamtazama mjomba na koti lake, akakohoa.

"Karibuni sana. Lakini niseme mapema, tusije tukakoseana. Binti yangu yuwasoma. Mambo ya posa bado."

Mama alinikazia macho kana kwamba sinia nimelipanga mimi. Nikaanza kueleza mpira, chuo, suruali ndefu, na kwamba nitamrudisha mwenyewe kabla ya magharibi. Nilieleza vibaya, mbiombio. Nyuma ya pazia mwanamke alicheka, akanyamaza, akacheka tena. Mzee hakucheka. Alisema atafikiri, na sinia tuliache.

Msichana hakuonekana mazoezini tena. Nilifundisha wanne wangu roho ikiwa juu juu, na nyumbani mama alililia sinia lake, alilopewa siku ya harusi yake.

Siku ya mashindano ilifika. Tulivaa viatu, sijui kwa nini, kwa maana wanne hawaruhusiwi kuanza. Ndipo mzee akatokea langoni na kanzu yake, amelikumbatia sinia, binti nyuma yake na jezi. Kitambaa cha mama kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Chini yake kulikuwa na viazi vya karai vya kutosha timu nzima. Watu wa Jomvu hawakurudishii chombo kikiwa kitupu, na hilo nilikuwa nimelisahau.

"Mwalimu," akasema, "siku ile nilijiandaa kukataa mume. Kukataa mpira sikujiandaa."

Nimepigiwa makofi na viwanja vilivyojaa, na nikashukuru. Lakini sinia lile nililipokea kwa mikono miwili, nikakosa neno jingine ila ahsante, nikalirudia na kulirudia mpaka mwamuzi akapuliza kipyenga kutuita watano uwanjani.