Asubuhi ya Kurekodi Sonata

Harufu ya bati linaloanza kupata moto wa jua hunitisha mpaka leo. Najua utanicheka, mtu mzima na violini yake kuogopa paa. Lakini nisikilize kwanza, halafu ucheke.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kanisa letu la mjini Wote lilikuwa na paa la bati tupu. Shule moja ya muziki Nairobi ilikuwa inachukua watoto wachache wa kusoma na kulala huko bila kulipa, nayo ilitaka sonata nzima ya violini, vipande vyake vyote, ya zile za Ulaya ya kale, irekodiwe bila kukatwa. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa hiyo hiyo tuliyorekodi. Ilibidi tumalize kabla jua halijakolea, maana likikolea bati hutanuka na kuanza kulialia, na simu ya Mwalimu Kyalo, aliyenifundisha kushika upinde wa violini, ilinasa kila kitu.

Sonata hizo hazipigwi na violini peke yake. Chini yake hutembea besi, ile sauti nzito. Besi yangu aliipiga mama kwa kinanda cha kanisa, ambacho hakitoi sauti mpaka kiunganishwe na spika zote, pamoja na zile mbili za nje zilizoelekea sokoni. Mama alipiga kinanda hicho kila Jumapili tangu nizaliwe, macho kwa waumini, vidole vikijiendea vyenyewe. Nyumbani tulikuwa sisi wawili tu.

Kilichonitia hofu zaidi kilikuwa kipande cha polepole. Karatasi ilionyesha noti chache, kavu kabisa. Mpigaji ndiye anayetakiwa kuzipamba anapozirudia. "Unasoma tu," Mwalimu Kyalo alizoea kuniambia. "Mimi nataka uniambie kitu." Sikujua nimwambie nini. Basi nikapamba vile wamama wa kwaya yetu huvuta neno la mwisho la wimbo, sauti ikitetemeka na kushuka kidogo kidogo, huku nikiomba Mungu isiwe kosa.

Tukaanza. Karibu na mwisho wa kipande hicho, pale besi inaposhuka hatua kwa hatua, mkono wa kushoto wa mama ukasimama. "Pole," akasema. Tukaanza upya, ukasimama pale pale. Tukaanza tena, hivyo hivyo. Nilimkasirikia, hasira ambayo sikuthubutu kuionyesha. Jua lilikuwa limefika dirishani, na mtu ambaye hakuwahi kukosea ndiye aliyekuwa akiniharibia.

Hapo mlango ukafunguliwa. Aliingia Mama Kioko, muuza ndengu, na nyuma yake wanawake wengine wa sokoni, leso zimefungwa kiunoni, mmoja na kuni, mwingine na sufuria kubwa. Kwetu, muziki wa huzuni ukisikika kanisani siku ya kazi, watu hawangoji kuitwa.

"Mama Mumbua, pole sana," Mama Kioko alisema kwa sauti ya chini. "Tumepoteza nani?"

"Hakuna mtu amekufa," mama alijibu. "Ni huyu mtoto anarekodi muziki ya kuingia shule Nairobi."

"Na mbona mnaliza watu hivyo asubuhi yote? Nimeacha ndengu yangu bila mtu."

Mwalimu Kyalo alicheka. Mimi nilitaka waondoke. Mama Kioko alimtazama mama kwa muda, kisha akaketi naye kwenye benchi la kinanda, bega kwa bega. Wengine wakajipanga nyuma yao.

"Haya, piga," akasema. "Sisi tuko."

Tulipiga. Besi ikashuka mpaka chini bila kusita. Bati lilishaanza kulia, Mwalimu akatuma hivyo hivyo, na baadaye nikaitwa Nairobi.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho: wamama waliokuja matanga ya sonata. Juzi nilikwenda Wote nikamkumbusha Mama Kioko mwenyewe, nikicheka. Yeye hakucheka.

"Mumbua, siku ulienda, mama yako alipika chakula ya watu wawili, akakaa tu akiiangalia. Ikabidi tukuwe tunaenda kula na yeye kila jioni, mpaka akazoea."

Nilikuwa nimeamini kwamba asubuhi ile walikuja bure. Walikuja kukaa na mtu aliyekuwa akipoteza mtu wake, na wakamkuta.