Baba Aliyesimama Mlangoni

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani Nsemulwa, nikamkuta baba amekaa barazani na simu ya mjukuu wake, anacheka peke yake. Kwenye simu kulikuwa na msichana anacheza.

"Huyu mtoto anajua!" akaniambia hata kabla hajaniuliza habari za safari. "Mcheza kwao hutunzwa."

Nikatua begi. Nimezunguka migodi, minada na mialo ya wavuvi ziwani tangu nilipoacha shule, na bado nikiisikia methali hiyo natamani kupiga teke kitu.

Wewe rafiki yangu hukuwahi kukaa kwenye banda letu la video, kwa hiyo ngoja nikueleze. Lilikuwa la mabua na turubai, jenereta likikohoa nyuma yake, ndani jasho na harufu ya karanga za kukaanga. Siku nyingine watu walitaka ngumi. Jumapili baada ya misa, mwenye banda aliweka sinema za vijana wa shule za ng'ambo, na banda lilijaa mpaka tukakaa chini. Zote zilikuwa hadithi moja. Msichana anapenda kucheza, baba yake hataki, anafanya mazoezi kwa siri, halafu siku ya mashindano baba anatokea mlangoni, anamwona, analia. Kiingereza hatukukijua. Mwenye banda alishika kipaza sauti akatutafsiria, na asichokielewa alikitunga. Yule baba akifungua mdomo pale mlangoni, alimsemea maneno yale yale kila Jumapili: "Mwanangu, mcheza kwao hutunzwa!" Na sisi wote tukaitikia kwa kelele, wakubwa kwa watoto.

Baba yetu alikaa benchi la mbele. Nilimwona akijifuta machozi kwa kofia yake. Dada yangu naye alimwona, akaamini.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akipukuchua mahindi, miguu inacheza. Akitoka kisimani, anatua ndoo njiani na kurudia hatua za Jumapili, vumbi likimpanda magotini. Mahafali yake ya darasa la saba yalipokaribia, aliazima suruali yangu, maana kwenye sinema hawakucheza na sketi.

"Baba atasimama mlangoni, utaona."

"Asipolia je?"

"Atalia bwana! Kwani juzi hukumwona?"

Kweli baba alikuja, akasimama mlangoni mwa darasa. Dada alipomwona alitabasamu, akazidi kucheza. Sijaona tena mtu anacheza vile, na nimetembea. Baba akapita katikati ya madawati, akamkamata mkono.

"Unavaa suruali unajitingisha mbele za watu! Nani kakufundisha uhuni huu?"

Nani? Wanaume wale wale wa benchi la mbele walikuwepo, wakasema, "Mfundishe adabu, mzee mwenzetu." Mwenye banda alikuwepo. Yeye aliyekuwa na maneno ya kila mtu, siku hiyo alitazama viatu vyake.

Usiniambie ni mila. Msimu wa mavuno kule Kasokola mashangazi walicheza ngoma mpaka vumbi likaziba jua, na baba ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Wala usiniambie hakuelewa ile sinema. Aliielewa, akailia.

Dada alifaulu kwenda sekondari, lakini hakwenda. Alipelekwa Karema kwa shangazi, aibu ipoe. Mwaka uliofuata nami nikaacha shule. Nyumba ile haikuwa na mtu wa kucheka naye.

Basi wiki iliyopita pale barazani nilimwambia, "Baba, dada naye alijua."

Hakunyanyua macho kwenye simu. "Ah, yule alikuwa mtoto wangu. Huyu ni wa watu."

Lile banda halipo. Pamejengwa ghala la mahindi, na vijana wanacheza mbele ya simu zao, kila mmoja uani kwao. Jenereta sililii, wala kanda zilizokwaruza. Nilipita Karema kabla ya kuja huku, nikamkuta dada anageuza dagaa mchangani, anatembea taratibu kama watu wengine. Jioni kulikuwa na harusi jirani. Muziki ulipowashwa, wanawake wote waliinuka. Kila mmoja alipita kwanza kwa dada yangu na kumwachia mkoba wake, bila kumuuliza, kwa sababu wote wanajua kwamba yeye hachezi.