Jibu la Rachid

Khadidja wa mtaa wa Buyenzi hakuwa mtu wa kubabaishwa na kompyuta. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mwandishi wa barua katika wakala mmoja wa kutoa mizigo forodhani, na onyo la kutofungua barua pepe za ajabuajabu alilibandika ukutani mwenyewe. Lakini asubuhi ile jina lililotokea lilikuwa la Rachid, mdogo wake, aliyekwenda Durban akanyamaza miaka mitatu. Tena alikuwa anajibu salamu zao za Idi za miaka mitatu iliyopita, zilezile ambazo mama yao alimtamkia Khadidja neno kwa neno, akilia.

Sasa nani angengoja? Alimpigia mama simu kabla hata ya kufungua.

"Mama, Rachid amejibu!"

Akasikia vigelegele, na majirani wakidakia. Ndipo akabofya. Ikafunguka karatasi tupu.

Kufikia saa nne ofisi nzima ilikuwa imepata barua kutoka kwa Khadidja, na kwa kuwa Khadidja hatumi upuuzi, wote waliifungua, bosi akiwa wa kwanza. Mashine zikagoma, malori yakapanga foleni mpakani Gatumba yakingoja karatasi za forodha.

Pontien, fundi wa kompyuta, alichomoa nyaya zote, akavuta kiti.

"Dada, si ndugu yako njo alijibu. Ni virusi. Iliingia mu mashine yake, ikatafuta barua za zamani zenye alichunga, zenye hakufuta, ikazijibia yenyewe."

Aibu ya ofisini aliimudu. Kilichomkata maini ni mama. Alitamani kudanganya, Mungu amsamehe, aseme Rachid ni mzima na anasalimia. Naye mwenyewe alimkumbuka mno mdogo wake.

Adhuhuri alimkuta mama amevaa kitenge cha sikukuu, pilau iko motoni, majirani tele. Khadidja akapiga magoti akaeleza yote: ni ugonjwa wa mashine, unaojibu barua ambazo mtu amezihifadhi.

Mama akamwinamia.

"Sema tena pale pa mwisho."

Akasema tena.

"Kumbe barua yetu alichunga?"

"Eeh, Mama."

"Miaka tatu yote hii?"

Khadidja hakuwa amelifikiria hilo. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Basi muandikie ingine," mama akasema. "Muambie kama kujibu ni nguvu, kunamushinda, aache. Achunge tu."